Nani alimpa Khalid kiti, na nani alimnyima?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Andiko la leo ni refu. Aliye na haraka alihifadhi alisome baada ya Isha. Nimepigiwa simu nyingi wiki hii kuhusu ile barua iliyosomwa msikitini kwetu Ijumaa iliyopita, na kila anayepiga anataka nimwambie neno moja: ni halali au si halali? Nimekataa kujibu kwa simu. Nitaanza mbali kidogo, Unguja, mwaka 1896, halafu nitarudi nyumbani. Nivumilie.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa historia alitufundisha kwamba vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa Zanzibar, vikaisha katika dakika 40 hivi. Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka. Mwalimu naye akatabasamu, akafuta ubao, tukaingia somo lingine. Miaka mingi baadaye nilikwenda Unguja kwenye maziko ya jamaa yetu, jioni nikasimama Forodhani naitazama bahari, nikakumbuka kile kicheko chetu. Katika zile dakika watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sisi tulikuwa tunachekea nini?

Sasa sikiliza kisa chenyewe.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Kabla jua halijatua, binamu yake Khalid bin Barghash alikuwa ameshaingia kasri, amepandisha bendera, amepiga mizinga ya kujitangaza. Khalid hakuwa mtu wa kuokotwa. Baba yake ni Sultani Barghash, babu yake ni Sayyid Said bin Sultan mwenyewe, yule aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Alikusanya watu karibu 2,800 wa kumlinda, wengi wao si askari bali raia, watumishi na watumwa, na mizinga kadhaa.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Mwaka 1890, Sultani Ali bin Said alipoingiza nchi chini ya ulinzi wa Uingereza, Waingereza walijipatia haki ya kumkubali au kumkataa yeyote atakayekalia kiti baada yake. Tuzingatie hapa. Kuanzia siku ile, Sultani wa Zanzibar angeweza kuwa na nasaba, na mali, na askari, na watu wa mji nyuma yake, na bado asiwe Sultani mpaka mtu mmoja anayekaa ofisi ya ubalozi atikise kichwa.

Na mtu yule, Basil Cave, aliyekuwa anakaimu ubalozi, hakutikisa kichwa. Waingereza walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed, naye pia mjukuu wa Sayyid Said. Kwa hiyo msidhani hapa palikuwa na ugomvi wa ukoo mmoja na mwingine. Marehemu, Khalid na Hamoud, wote watatu ni wajukuu wa babu mmoja. Tofauti ilikuwa ni nani ametambuliwa na nani hakutambuliwa.

Kuna kipande kimoja cha kisa hiki ambacho kinanichoma kuliko mizinga. Khalid, akiwa ndani ya kasri, bendera inapepea, alipeleka ujumbe kwa mwakilishi wa Marekani kumwarifu kwamba amekalia kiti. Akajibiwa kwamba kwa kuwa serikali ya Malkia wa Uingereza haijathibitisha kukalia kwake, haiwezekani kumjibu. Hakuambiwa ndiyo, wala hakuambiwa hapana. Aliambiwa, kwa lugha ya adabu, kwamba yeye hayupo. Mtu anapumua, ana watu 2,800, anaambiwa hayupo!

Asubuhi ya tarehe 27 akapewa mpaka saa tatu kamili ashushe bendera na atoke. Bandarini zilikuwa zimepangwa manowari 5 za Kiingereza. Kabla ya saa tatu akapeleka jibu kwamba bendera haitashuka, na kwamba haamini kama watampiga. Saa tatu na dakika mbili walipiga. Kasri lilikuwa la mbao nyingi, likashika moto. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama palepale bandarini, na milingoti yake ilibaki ikionekana juu ya maji kwa miaka kadhaa, kila anayeingia Unguja kwa jahazi anaiona. Alasiri ya siku ileile Hamoud akatangazwa Sultani. Damu haijakauka.

Utaniuliza, Sheikh, ilikuwaje mpaka mgeni akawa na neno la mwisho katika nyumba ya watu? Haikuanza 1890, ndugu yangu. Ilianza na ndugu wawili wasioweza kukaa chini wakazungumza.

Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, mwanawe Thuwaini alikuwa Maskati na mwanawe Majid alikuwa Unguja. Kila mmoja akaiona dola yote ni yake. Mwaka 1859 mdogo wao, Barghash, akamwasi Majid. Majid akasaidiwa na mabaharia wa manowari ya Kiingereza, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Ule ugomvi wa Majid na Thuwaini nao ukapelekwa kwa nani? Kwa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India. Mwaka 1861 akaigawa dola vipande viwili: Maskati kwa huyu, Zanzibar kwa yule, na Zanzibar ilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Watoto wa baba mmoja walishindwa kugawana, wakamwita jirani mwenye bunduki awagawie. Jirani akagawa vizuri tu. Lakini tangu siku hiyo alijua njia ya kuingilia mlango wa nyuma.

Na Barghash yule, aliyewahi kuhamishwa, alipokalia kiti mwaka 1870 alikuwa ameshajifunza somo. Alitawala kwa akili, akaleta maji ya bomba mjini, akajenga Bait al-Ajaib, ile nyumba ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Lakini alitawala akijua mlinzi wake ni nani. Sasa hapa ndipo kisa kinapotufikia sisi watu wa bara, maana wengi hudhani haya ni mambo ya Unguja na mikarafuu.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa kwetu. Mpwapwa walipumzika, halafu wakaingia Ugogo, ambako watemi waliwatoza hongo ya maji na chakula, na aliyekataa hongo alijua kiu ni nini. Wengi wa wazee waliotuletea dini katika uwanda huu walikuja kwa njia hiyo. Sultani wa Zanzibar hakututawala, tuseme ukweli, watemi walikuwa na nchi zao. Lakini alijihesabu kuwa na haki juu ya njia hii mpaka Ujiji, na dunia ilimwachia ajihesabu hivyo.

Mwishoni mwa 1884 Carl Peters akapita Usagara na nchi za jirani akikusanya alama na mikwaju ya kalamu kwenye karatasi. Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani akatoa waraka wa kuzilinda nchi hizo. Barghash akapinga kwa simu ya waya hadi Berlin. Jibu lililokuja lilikuwa manowari za Kijerumani mbele ya kasri lake, Agosti 1885, zikimtaka ayatambue yale ya Peters. Akatazama kwa mlinzi wake Mwingereza. Mlinzi akamshauri akubali. Akakubali. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakakubaliana wao kwa wao: Sultani abaki na visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10, na nyuma yake wakapiga mstari, kusini kwa Mjerumani, kaskazini kwa Mwingereza. Ugogo ikaangukia upande wa Mjerumani. Mtemi hakuulizwa, Sultani hakuulizwa, na yule mzee anayechunga ng'ombe wake Mvumi au Kilimatinde hakujua kwamba siku hiyo amepata bwana. Ameletewa bwana na watu walioketi London na Berlin.

Hiyo ndiyo bei. Yule anayekutambua wewe leo ndiye anayeamua kesho unatambuliwa mpaka wapi.

Wako watakaosema: Sheikh umeanza kuwatetea masultani. Hapana, wallahi. Njia ileile iliyoleta misahafu ilipitisha watu wamefungwa kwa minyororo, na biashara ile iliwatajirisha Unguja. Sitaificha kwa sababu waliokuwa wakifanya wanaitwa majina kama yangu. Na Hamoud huyu aliyewekwa kwa mizinga ndiye aliyetoa amri ya 1897 ya kuifuta hali ya utumwa kisheria. Ni jambo jema, nalihesabu ni jema. Lakini lilitolewa na mtu ambaye asingeweza kusema hapana hata kama angetaka, na waliolisukuma ni walewale waliochoma kasri mwaka mmoja kabla.

Na Khalid naye simpambi. Jiulize: kati ya kifo cha Hamad na mizinga ya kujitangaza, zilipita saa ngapi? Zipo wapi saa za kukaa na wakubwa wa mji, na wazee wa Waswahili, na wanazuoni, na wale wa mashamba? Alikimbilia jengo. Alidhani kiti kimo ndani ya kasri, kama Waingereza walivyodhani kimo ndani ya barua. Watu waliomfuata walimfuata kwa mapenzi, hilo silikatai, na walikufa. Lakini alipotoka kwa mlango wa nyuma mizinga ikilia, alikwenda wapi? Ubalozi wa Ujerumani. Alikimbia kutoka kwa mgeni mmoja kwenda kwa mgeni mwingine.

Wajerumani wakamhifadhi. Tarehe 2 Oktoba 1896, maji yakiwa yamejaa mpaka ukutani mwa bustani ya ubalozi, mashua ya Kijerumani ikamchukua moja kwa moja kutoka bustanini hadi melini, asikanyage hata hatua moja ya ardhi ya Zanzibar, maana angekamatwa. Wakampeleka Dar es Salaam. Akakaa huko miaka 20. Je, Wajerumani walimtambua kuwa Sultani? Kamwe! Wao walishaikubali Zanzibar kuwa ya Mwingereza tangu mapatano ya 1890, wakapewa kisiwa chao cha Heligoland. Walimpa nyumba, hawakumpa kiti. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, Waingereza wakamkamata, wakamhamishia visiwa vya mbali, na alifariki Mombasa mwaka 1927. Allah amrehemu.

Sasa njoo tutazame upande mwingine, mwaka wa sita wa Hijra, mahali panaitwa Hudaybiyya.

Mtume, rehma na amani zimshukie, alitoka Madina na Maswahaba wapatao 1,400 kwenda Umra. Makureshi wakawazuia. Ikaja habari kwamba Uthman ameuawa Makka, na pale chini ya mti Maswahaba wakampa Mtume mkono, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawatakimbia. Ndiyo Bai'at Ridhwan. Kisha habari ikabainika si kweli, na Makureshi wakamtuma Suhayl bin Amr kuandika mapatano. Ali akaandika jina la Mtume pamoja na cheo chake cha utume. Suhayl akakataa katakata, kwamba lau wangekiri kuwa yeye ni Mtume wasingemzuia na Nyumba. Aandike jina lake na la baba yake tu. Kwa lugha ya leo: hatukutambui. Ali hakuweza kulifuta kwa mkono wake. Mtume akalifuta mwenyewe, na mapatano yakaandikwa bila cheo.

Nimelisomesha darasa hili miaka na miaka, na kila mara nilisimama kwenye subira ya Mtume. Wiki hii ndiyo nimeona mpangilio wake. Mikono ya watu ilitangulia chini ya mti. Karatasi ilikuja baadaye. Kwa hiyo karatasi ilipomnyima cheo haikumpunguzia kitu, wala hakuna hata Swahaba mmoja aliyeondoka pale akisema huyu si kiongozi wetu tena kwa sababu Makureshi wamemfuta. Lau kama cheo chake kingekuwa kimeletwa na kalamu ya Suhayl, Suhayl angeweza kukichukua.

Hata mwaka 1964 kuna mfano. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, Uingereza na Marekani zilikaa zaidi ya mwezi mzima, mpaka Februari 23, ndipo zikaitambua serikali ya Mzee Karume. Nchi nyingine zilishatangulia. Siingii katika yaliyotokea mwaka ule, yana majeraha na wenye majeraha wapo hai. Ninasema tu kwamba mwezi ule mzima serikali ilikuwepo na ilifanya kazi, tofauti na Khalid aliyeambiwa hayupo na kweli baada ya siku mbili hakuwepo.

Na hapa kwetu, Mwingereza alipotawala kupitia wenyeji kuanzia miaka ya 1920, mtemi alihitaji kutambuliwa na serikali ndipo awe mtemi anayelipwa. Mwaka 1963, baada ya uhuru, utemi ukafutwa kwa sheria, mishahara ikaisha. Lakini waulize wazee wa Mvumi kuhusu Mtemi Mazengo. Jina lake bado linatajwa kwa heshima mpaka leo, na hakuna karatasi inayowalazimisha.

Haya, turudi msikitini.

Mwenyekiti wetu, Allah ampe kauli thabiti, alitutoka miezi mitatu iliyopita. Kabla ya arobaini kuisha, ndugu zetu wachache, watu wema nawajua, walikwenda kwenye ofisi ya juu, sitaitaja, wakarudi na barua yenye mhuri inayomtambua mmoja wao kuwa mwenyekiti mpya. Ijumaa ikasomwa. Mliokuwepo mlisikia ule ukimya. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyesema takbir pia. Wiki hii pampu ya kisima imeharibika, tumepitisha kapu, na kilichoingia hakikutosha hata kumlipa fundi nauli ya kutoka Majengo. Tunatawadha kwa maji ya madumu. Msikiti wenye waumini wengi kiasi hiki! Mnadhani mifuko imekauka yote kwa siku moja? Watu hawajagoma. Watu hawakuulizwa, basi kila mmoja anangoja mwenye barua atengeneze pampu ya barua yake.

Sasa nikiri, maana kesho mtaambiwa na wengine. Ile barua ya kupeleka maombi huko juu, na mimi niliitia saini. Nililetewa baada ya Alfajiri, nikaambiwa ni utaratibu tu, sheikh, ofisi inataka jina haraka. Nikasaini nikiwa nimesimama, viatu mkononi. Sikuuliza kama waumini wameketi. Nilijua hawajaketi. Niliogopa maneno, nikaona mhuri utayamaliza. Kwa hiyo msinitazame kama mtu aliye nje ya jambo hili. Astaghfirullah.

Mwingine atasema: Sheikh, usajili si lazima? Bila barua benki haifungui akaunti, kiwanja hakipati hati, na siku ya mgogoro serikali itamsikiliza nani? Ni kweli kabisa, na sitaki mtu achukue maneno yangu akaenda kuikaidi ofisi yoyote. Barua ina kazi yake. Inawaambia walio nje nani tumemchagua. Haiwezi kutuambia sisi tuliomo ndani. Ikitangulia, basi aliyeitoa ndiye tuliyemkabidhi msikiti, na siku akibadilisha mawazo ataandika nyingine, na sisi tutakuwa tumekaa kama watu wa Unguja alasiri ile, tunaambiwa Sultani ni huyu.

Mwenye barua nimezungumza naye jana usiku, nyumbani kwake, kwa saa mbili. Sikumwambia ajiuzulu. Nilimwomba aiweke barua kabatini na aingize jina lake pamoja na majina mengine. Alikaa kimya muda mrefu, akaniuliza: na wakinikataa? Nikamwambia wakikukataa nitaipeleka barua mwenyewe kule ilikotoka na nitaeleza kwamba kosa lilianza na saini yangu. Hajanijibu bado. Namwombea, na ninyi mwombeeni. Si jambo jepesi.

Kikao ni Jumapili hii baada ya Adhuhuri, ndani ya msikiti. Kila muumini anayesali hapa ana neno lake, mwenye duka na mwenye bodaboda. Akina mama, upande wenu utafunguliwa na kipaza sauti kitakuwepo, maana kapu la pampu lililopita nusu yake lilitoka kwenu. Mwenye jina la kupendekeza aje nalo, na aje na jirani yake asiye na simu ya kusoma haya. Fundi wa pampu nimemwomba apite saa kumi. Aliye na dumu la maji alilete, tutatawadhia humo mpaka hapo.

Wabillahi tawfiq.